Bodi Haiwaki: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu za Umeme na za Kuanza Kazi kwenye Bodi Iliyosanifiwa kutoka BeagleBone Black

Mtu akikuletea bodi akasema "haiwaki", bado hajakuambia kitu. Neno hilo hilo hutumika kwa bodi isiyo na hata volti moja, kwa bodi ambayo umeme wake ni kamili lakini prosesa haioni kadi ya kumbukumbu, na kwa bodi ambayo imekwisha kupakia Linux yote ila maandishi yake yanatoka kwenye mlango usiotazamwa na mtu. Kazi ya kwanza ya fundi, kwa hiyo, ni kujua bodi imefika hatua gani kabla ya kusimama, kwa kuwa kila hatua ya safari hiyo huacha alama inayoweza kupimwa.

Mwongozo huu unahusu bodi za aina moja mahususi, nazo ni zile ambazo watu huzisanifu kwa kunakili BeagleBone Black. Bodi hiyo ilitoka mwaka 2013 na michoro yake ya saketi iko wazi kwa yeyote, hivyo wengi wanaounda vifaa vyao wenyewe huanzia hapo: prosesa AM3358 ya Texas Instruments, chipu ya kusimamia umeme TPS65217C, RAM ya DDR3 ya 512 MB, eMMC (kumbukumbu ya kudumu iliyobanwa bodini) na kadi ya microSD. Kwa uzoefu wangu, makosa ya bodi hizi hayakai sana katika sehemu zilizonakiliwa kama zilivyo. Hukaa katika kile ambacho msanifu alikiondoa ili kupunguza gharama au alikibadilisha kwa kuwa kifaa cha awali hakikupatikana dukani. Kabla ya kushika multimita, weka mchoro wako na mchoro wa asili kando kwa kando, na uandike kwenye karatasi kila rezista, kila chipu na kila muunganisho uliotofautiana. Karatasi hiyo utairudia mara nyingi.

Kabla ya umeme kuingia

Bodi mpya isipewe umeme hata kidogo kabla ya kupima ukinzani kati ya kila njia ya umeme na ardhi. Bodi hii ina njia za 5 V, 3.3 V, 1.8 V, 1.5 V ya RAM, na njia mbili za 1.1 V, moja ya kiini cha prosesa na nyingine ya kitengo chake cha kukokotoa. Kwenye 5 V na 3.3 V utarajie mamia ya omu au zaidi, na usubiri sekunde chache namba itulie kwa kuwa kapasita zinajaa. Kwenye 1.1 V usiogope ukikuta makumi ya omu tu, kwani ndani ya prosesa kuna mamilioni ya transista zinazovujisha mkondo kidogo kidogo, na mafundi wengi wapya wameng'oa prosesa nzima kwa kudhani hiyo ni shoti. Shoti ya kweli husoma chini ya omu moja, na haibadiliki ukigeuza nyaya za multimita.

Ukikuta shoti, mbinu ya mafundi simu inafaa hapa bila kubadilishwa. Chukua pawa saplai ya mezani inayoweza kuwekewa kikomo cha mkondo, iweke kwenye volti isiyozidi ile ya njia husika (kwa njia ya 1.1 V anza na 0.5 V), ruhusu ampia moja, kisha tafuta kinachopata moto. Mwenye kamera ya joto ataona mara moja. Asiye nayo atapaka spiriti ya kusafishia bodi na kutazama mahali inapokauka kwanza. Mara nyingi mhalifu ni kapasita ndogo iliyopasuka au risasi iliyounganisha pini mbili za chipu ya umeme. Ikiwa moto unatoka chini ya prosesa yenyewe, tatizo ni zito zaidi, kwa sababu AM3358 ya umbo la ZCZ ina matone 324 ya risasi yaliyopangwa kwa umbali wa milimita 0.8, na hayo hayachunguziki kwa jicho bila mashine ya eksirei.

Njia za umeme, kwa mpangilio wake

Washa kwa 5 V na kikomo cha takriban ampia moja. Bodi yenye afya inayofanana na ya asili hunywa kati ya 200 na 500 mA inapoanza kazi. Mkondo ukiwa karibu na sifuri, chipu ya umeme haijaamka. Ukigonga kikomo, rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

TPS65217C haiwashi njia zote kwa pamoja, na ni lazima uuelewe mpangilio wake kwa sababu ndio unaokuambia ugonjwa uko wapi. Ikipata 5 V, hutoa kwanza LDO1, ambayo ni 1.8 V ya sehemu ya prosesa inayotunza saa ya kalenda. Sehemu hiyo ndogo ya prosesa, ikishapata umeme wake na ishara yake ya riseti ikishaachiliwa, huinua pini iitwayo PMIC_POWER_EN, ambayo hurudi kwenye chipu ya umeme kupitia pini ya PWR_EN na kuiambia iendelee. Hapo ndipo zinapofuata 1.8 V nyingine, 1.5 V, 3.3 V na mwishowe njia za 1.1 V. Kwa maneno mengine, chipu ya umeme humsubiri mgonjwa aseme mwenyewe kwamba yu hai.

Kutokana na hilo kuna dalili moja ambayo nimeikuta mara nyingi kuliko nyingine zote: ukipima LDO1 unakuta 1.8 V safi kwa sekunde chache, kisha yote yanazima. Maana yake ni kwamba PWR_EN haikupanda na chipu imekata tamaa. Pima pini hiyo, kisha upime ishara ya riseti ya saa ya kalenda, inayotoka LDO_PGOOD ya chipu ya umeme na kuingia RTC_PORZn ya prosesa. Wasanifu wanaoona kwamba kifaa chao hakihitaji saa ya kalenda huondoa sehemu hiyo yote kwa nia njema, bila kujua kwamba wameondoa ufunguo wa mlango.

Hakikisha pia kwamba chipu uliyonunua ni ya herufi C. TPS65217 ina matoleo kadhaa yanayofanana kwa nje, lakini volti wanazotoa bila kuamriwa zinatofautiana: toleo la C hutoa 1.5 V kwa RAM ya DDR3, la D hutoa 1.35 V kwa DDR3L, na yale ya A na B hutoa 1.8 V kwa DDR2. Chipu ya B ikiwekwa mahali pa C huipa RAM volti iliyozidi kiwango chake cha kazi, na ikiwa haitaiua basi itakuacha ukifukuza makosa ya kumbukumbu kwa wiki nzima.

Jambo jingine ni 3.3 V ya pili. Kwenye BeagleBone Black kuna rejuleta ya pembeni, TL5209, inayolisha vifaa vya nje ya prosesa, nayo huwashwa na 3.3 V ya chipu ya umeme ili isitangulie. Aliyeibadilisha na rejuleta isiyo na pini ya kuwashia atapata 3.3 V mara tu 5 V inapoingia, na vifaa vya pembeni vitaanza kusukuma umeme ndani ya pini za prosesa ambayo bado haina umeme wake. Hali hiyo hiyo huletwa na kebo ya konsoli, ile inayopeleka maandishi ya bodi kwenye kompyuta, ikichomekwa kabla ya bodi kuwashwa. Ukipima njia ya 3.3 V ya bodi iliyozimwa ukakuta volti moja au mbili, kuna kitu kinaiingizia umeme kwa mlango wa nyuma. Prosesa inayoanza katika hali hiyo wakati mwingine huwaka, wakati mwingine haiwaki, na wakati mwingine hufa. Kebo ya konsoli lazima iwe ya 3.3 V. Ile ya 5 V usiikaribishe mezani kabisa.

Riseti na mapigo ya saa

Njia zote zikiwa sawa, pima PWRONRSTn, pini ya riseti kuu ya prosesa. Inatakiwa ibaki chini mpaka volti zote zitulie, kisha ipande mara moja bila kutetereka, jambo linaloonekana vizuri kwa osiloskopu na haliwezi kuonekana kwa multimita. Kisha pima kristali ya 24 MHz, kwa kutumia kichwa cha osiloskopu kilichowekwa kwenye 10X, kwa sababu kile cha 1X kina kapasita kubwa kiasi cha kuizima kristali iliyokuwa ikifanya kazi. Usipoona mapigo, jaribu upande wa pili wa kristali kabla ya kuihukumu.

Sasa tufike kwenye SYSBOOT. Prosesa hii huamua itaanzia wapi kwa kusoma pini 16 wakati ule ule PWRONRSTn inapopanda, na pini hizo ni zile zile zinazotumika baadaye kupeleka picha kwenye skrini, LCD_DATA0 hadi LCD_DATA15. Rezista za kuvuta juu au chini ndizo zinazoandika jibu. Pini mbili za juu kabisa hutaja kasi ya kristali, ambapo 01 ni 24 MHz, 00 ni 19.2, 10 ni 25 na 11 ni 26. Pini tano za chini hutaja mpangilio wa kutafuta programu: 11100 humaanisha eMMC, kisha kadi ya microSD, kisha UART0 (mlango wa mfululizo unaotumiwa na konsoli), kisha USB, na 11000, inayopatikana kwa kubonyeza kitufe cha S2 cha bodi ya asili, huanza na SPI (njia ya chipu ndogo za kumbukumbu), kisha kadi, USB na UART0.

Tatizo ni kwamba skrini au kifaa chochote kilichounganishwa kwenye pini hizo kinaweza kuzivuta kwa nguvu kuliko rezista za kilo-omu 100, na prosesa ikasoma uongo. Bodi inayowaka mezani ikiwa uchi lakini inakataa ikivalishwa skrini ina ugonjwa huu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uthibitisho si mgumu: kwa JTAG (mlango wa kuchungulia ndani ya prosesa) soma rejista ya anwani 0x44E10040, ambayo biti zake nane za chini huonyesha SYSBOOT za chini kama zilivyosomwa, na biti za 22 na 23 huonyesha kasi ya kristali. Namba hiyo ikitofautiana na mchoro wako, acha kutazama programu na urudi kwenye rezista.

Herufi C

Fungua konsoli ya UART0 kwa kasi ya 115200, biti nane, bila ukaguzi, biti moja ya kusimama. Toa kadi, na kama eMMC ni tupu, washa bodi. Ukiona herufi C ikijirudia moja baada ya nyingine, furahi. ROM (programu ya kudumu) iliyo ndani ya prosesa imekimbia, imepata umeme, imepata saa, imesoma SYSBOOT, imetafuta programu ikakosa, na sasa inaomba itumiwe kwa itifaki ya xmodem. Herufi hiyo moja inafuta nusu ya orodha ya washukiwa.

Kama C hazitoki ingawa umeme na riseti ni sawa, hakikisha kwanza nyaya za kutuma na kupokea hazijabadilishana, kwani kosa hilo dogo hutokea kwa mafundi wazoefu pia. Halafu thibitisha kwamba mpangilio wa SYSBOOT una UART0 ndani yake. C zinapotoka lakini bodi haisomi kadi, kagua kadi yenyewe: ROM inatafuta faili la kipakizi cha kwanza liitwalo MLO kwenye mzizi wa sehemu ya kwanza ya FAT iliyotiwa alama ya kuwa hai, au programu iliyoandikwa moja kwa moja kwenye kadi kuanzia mwanzo wake au kwenye umbali wa kilobaiti 128, 256 au 384. Na ikiwa unatuma kwa xmodem, tuma u-boot-spl.bin, yaani kipakizi hicho hicho cha kwanza cha U-Boot, programu inayoipakia Linux. MLO ina kichwa cha ziada kisichotakiwa kwa xmodem.

Kipakizi cha kwanza na RAM

Hapa ndipo bodi nyingi za kunakili hukwama, na hapa ndipo nilipopoteza wiki yangu mwenyewe. Bodi ya kwanza niliyoisanifu ilitoa C vizuri, ikapokea kipakizi cha kwanza, kisha ikanyamaza kabisa. Nilibadilisha RAM mara mbili. Nilishuku risasi. Kumbe U-Boot ya bodi za familia hii, kabla ya kuandika hata neno moja, husoma EEPROM ndogo (chipu ya kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) iliyoko kwenye I2C0 (nyaya mbili za mawasiliano kati ya chipu) kwa anwani 0x50 ili ijue iko kwenye bodi gani kati ya kadhaa, kisha ichague mipangilio ya pini na ya RAM kulingana na jina hilo. EEPROM hiyo nilikuwa nimeiondoa kwa kuwa sikuona kazi yake.

Tiba ni mbili. Kama EEPROM ipo lakini ni tupu, iandike jina la bodi: namba ya utambulisho 0xEE3355AA ikifuatwa na A335BNLT, ambalo ndilo jina la BeagleBone Black. Kama haipo, hariri msimbo wa U-Boot ulio katika saraka ya board/ti/am335x ili usiulize, na utaje moja kwa moja mipangilio ya bodi yako. Napendelea njia ya pili kwa kifaa kitakachotengenezwa kwa wingi, kwa sababu EEPROM tupu kiwandani ni kosa linalosubiri siku yake.

Kipakizi kikishaanza kuandika, kisha kikasimama pale kinapojaribu kuleta U-Boot kamili, angalia kama kimelalamika kuhusu kadi. Kikilalamika, tatizo ni kadi au nyaya zake. Kikinyamaza bila malalamiko, shuku RAM, kwa sababu mpaka wakati huo kilikuwa kikiishi ndani ya kumbukumbu ndogo ya prosesa na sasa kwa mara ya kwanza kinaandika nje, kwenye anwani zinazoanzia 0x80000000.

Anza na vitu vya kupimika. VREF ya RAM, yaani volti yake ya rejea, inatakiwa iwe nusu kamili ya 1.5 V, yaani 0.75 V, ikitoka kwenye rezista mbili zinazolingana. Pini ya ZQ ya RAM inahitaji rezista ya omu 240, na pini ya DDR_VTP ya prosesa inahitaji ya omu 49.9 yenye usahihi wa asilimia moja. Kisha kwa JTAG, baada ya kutumia hati ya kuwasha RAM, andika na usome namba. Biti ile ile ikikosewa kila mara, uzi mmoja wa data umekatika au umeshikana na jirani yake, na hilo ni la risasi. Ukiandika mahali pamoja na namba ikatokea pia mahali pengine, uzi wa anwani ndio wenye kasoro, au umeweka RAM ndogo kuliko uliyoitaja kwenye programu. Makosa yakiwa ya kubahatisha, yakipungua bodi ikiwa baridi na kuongezeka ikipata joto, basi ni ya muda: urefu wa nyaya zako haufanani na wa bodi ya asili, na namba za kuchelewesha ishara lazima zikokotolewe upya kwa bodi yako badala ya kunakiliwa.

Kwa jaribio la haraka la dhana hiyo ya mwisho, punguza kasi ya RAM kutoka 400 MHz hadi 303 MHz. Ikitulia, umepata jibu. Usishuke chini ya hapo ukidhani polepole zaidi ni salama zaidi, kwa kuwa DDR3 katika hali yake ya kawaida haikubali kasi iliyo chini ya takriban 300 MHz.

U-Boot inasimama, au Linux inanyamaza

U-Boot inayosimama kwenye mstari wa amri kila mara, kana kwamba mtu amebonyeza kitufe, kwa kawaida imebonyezewa na kelele: pini ya kupokea ya UART0 imeachwa ikielea hewani, na kila cheche inasomwa kama herufi. Rezista ya kuvuta juu inamaliza jambo hilo. Ukiwa hapo kwenye mstari wa amri, agiza uchunguzi wa I2C. Anwani 0x24 ni ya chipu ya umeme, na isipoonekana, prosesa haiwezi kuipandisha volti baadaye.

Ukiona "Starting kernel ..." kisha kimya, usikimbilie kusema kerneli (kiini cha Linux) imekufa. Milango ya UART ya prosesa hii iliitwa ttyO0 katika kerneli za zamani na ttyS0 katika mpya baada ya kiendeshi kubadilishwa, na kerneli inaweza kuwa inafanya kazi kwa raha huku ikiandika kwenye mlango ambao haupo. Ongeza neno earlycon, linaloifanya kerneli iandike mapema, kwenye amri ya kuanzia, hakikisha faili la maelezo ya vifaa linataja konsoli sahihi, na utaona inaposimama kweli.

Bodi inayojizima au kujianzisha upya

Kosa hili husumbua kwa kuwa huja na kuondoka. Anza kwa kuiuliza bodi yenyewe: kwenye U-Boot soma rejista ya 0x44E00F08, inayotunza sababu ya riseti ya mwisho. Biti ya 0 ni kuwashwa upya kabisa, ya 1 ni amri ya programu, ya 4 ni kipima-muda cha ulinzi kilichoona programu imeganda, na ya 5 ni pini ya riseti ya nje. Kipima-muda kinakupeleka kwenye programu. Kuwashwa upya kabisa kunakurudisha kwenye umeme.

Kwa upande wa umeme, unganisha osiloskopu kwenye 5 V pale inapoingia bodini, wala si kwenye pawa saplai, na uiamuru ishike picha mara volti inaposhuka chini ya 4.5. Kebo yenye nusu omu hupoteza nusu volti kwa kila ampia, na pawa saplai itaendelea kuonyesha 5.00 kwa uaminifu wakati bodi inakufa njaa. Anayeiwasha kwa USB akumbuke kwamba TPS65217 huweka kikomo cha 500 mA upande huo bila kuamriwa, tofauti na tundu la 5 V ambako kikomo ni 2.5 A.

Ikiwa 5 V haitikisiki lakini bodi huganda inapofanya kazi nzito, tazama volti ya kitengo cha kukokotoa. Kwa 1.1 V prosesa hii inaruhusiwa kwenda 600 MHz, na kwa 1 GHz inataka 1.325 V. Msanifu aliyeweka rejuleta isiyobadilika ya 1.1 V mahali pa ile ya chipu ya umeme, kisha akaacha Linux ipandishe kasi ipendavyo, atapata bodi inayofaulu kila jaribio fupi na kuanguka saa ya tatu ya kazi. Ifunge kwenye 600 MHz usiku mzima. Ikifika asubuhi ikiwa hai, toa ile karatasi ya tofauti uliyoiandika mwanzoni na utie alama kwenye mstari wa rejuleta.